Ghala Nambari Nne

Waheshimiwa wanakamati, barua yenu nimeipata,
imeletwa na kijana wa pikipiki, imekunjwa mara mbili.
Mnasema jina la shule halina hadhi.
Mnataka niandike, mimi niliyebaki,
kwamba sina pingamizi.

Ngojeni kwanza nivae miwani.

Ghala la nne lilikuwa linavuja.
Masika moja tu, na magunia mia mbili yakarudi kuwa maji,
yakatiririka hadi kwenye mitaro yalikotoka.
Nyapara Shekuwe akatupa ufunguo mezani pangu:
"Hili halifai chumvi tena."
Hakusema linafaa nini.
Hilo aliliona Mbodze wa Chengo,
aliyekuja kazini na wanawe watatu
akawaketisha kivulini mwa toroli,
na kivuli kikihama, nao wakihama.
Akaniuliza, "Karani, wewe si unajua kuandika?"
Ndivyo shule ilivyoanza: kwa swali
nililoshindwa kulikwepa.

Ubao ulikuwa mlango wa nyumba yake.
Aliung'oa mwenyewe, akaubeba kichwani kutoka Gongoni,
tukaupaka masizi ya betri kuukuu za tochi.
Mwaka mzima nyumba ya Mbodze ilifungwa kwa mkeka
na mbuzi wa jirani wakiingia kama wageni walioalikwa.

Chaki? Chaki ilinyonya unyevu, ikawa uji.
Basi watoto thelathini na mmoja waliandika juu ya chumvi
iliyotandazwa kwenye sinia, kwa kidole:
a, e, i. Ukikosea, unatikisa sinia,
kosa linafutika kama halijazaliwa.
Mwenye kidonda kidoleni alijifunza irabu kwa machozi.
Nyevu, mdogo wa wote, aliilamba o
akasema hii ameshaijua.

Mkaguzi alikuja kutoka Malindi,
viatu vimepauka hadi kwenye vifundo,
akauliza shule inaitwaje.
Tukatazamana.
Akainua macho, akasoma rangi nyekundu juu ya mlango,
akaandika kama alivyosoma.
Muhuri ukashuka: pa!

Hayo mnayajua. Huyasimulia siku ya wazazi, watu wakacheka.
Hili hamlijui.

Asubuhi niliita majina, Kitsao akaitika, "Nipo."
Saa sita niliketi kwenye mizani ya kampuni
na Kitsao yule yule akaja, gunia mgongoni,
umri miaka kumi, nyayo zimepasuka.
Nikaandika: Kitsao Dzombo, magunia manne.
Mkono mmoja, kalamu moja, madaftari mawili.
Alipoacha kuitika asubuhi
niliendelea kumwekea alama ya kuwepo, kwani alikuwepo,
hatua themanini kutoka dirishani.
Nilimwona.
Mkaguzi alisifu mahudhurio yetu.

Shule haikunilipa. Nililipwa kwa magunia.

Sasa mmejenga madarasa ya mawe, madirisha yana vioo,
mnatafuta jina la mheshimiwa fulani, au la ua,
jina ambalo mtoto akilitaja Mombasa hachekwi.
Nawaelewa. Mjukuu wangu amechekwa.
Lakini ghala ni mahali pa kuweka kitu kisiharibike.
Tuliliingia likiwa limeshindwa kazi hiyo
na sisi tukaiweza nusu.
Sijui kama kuna jina la nusu.

Badilisheni mkitaka. Sahihi yangu ni hii hapa chini.
Ila daftari la mwaka wa kwanza liko kwangu,
kurasa zimekakamaa, kila masika hutoa jasho.
Mkija kulichukua, jina la Kitsao liko la tisa.
Na msilambe kidole kufunua kurasa.

Au lambeni.